Fatboy ya Zamani au Ambassador ya Sasa?

Mashine ya kunyolea ya Gillette inayojulikana kama Fatboy, iliyotengenezwa Marekani kati ya 1958 na 1961, ina pete chini ya kichwa yenye namba 1 hadi 9, ambayo ikizungushwa huongeza au hupunguza nafasi iliyopo kati ya makali ya wembe na ukingo wa mashine. Rex Ambassador, ambayo pia hutoka Marekani, imefuata muundo huohuo, pamoja na vile vilango viwili vya kuingizia wembe kichwani, vinavyofunguka kwa kuzungusha kitasa kilicho mwishoni mwa mpini, lakini imetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Fatboy ni shaba ya manjano iliyopakwa nikeli, na nikeli ikishachubuka hairudi bila kazi ya fundi. Aidha, mabaki ya sabuni ya miongo mingi huweza kuigandisha pete. Ambassador haina urithi huo, ila ni nzito zaidi, na mkono uliozoea kukandamiza utalijutia hilo. Kwa anayenyoa kila siku ningependekeza Ambassador. Fatboy ninamwachia anayefurahia kusugua vyuma.