IST nyeusi, kunguru wa Posta na maji ya kisima: mrejesho wa wale jamaa wa Sinza

Wadau niliahidi mrejesho wa wale jamaa wa Sinza walionisafishia gari na kuipiga polishi, nimechelewa kwa makusudi. Gari ikitoka tu kupigwa polishi kila mtu anasifia, subiri mvua mbili tatu na vumbi la miezi kadhaa ndo ujue kama hela yako ilienda kwenye kazi au ilienda kwenye mng'ao wa siku ya harusi. Sasa imetimia miezi mitatu, naweza kuongea.

Gari ni Toyota IST nyeusi. Nakaa Kigamboni, kazi Posta, kwa hiyo maisha yake ni haya: usiku inalala nje inapigwa na upepo wa bahari, asubuhi inapanda pantoni, mchana kutwa imepaki chini ya mti wenye kunguru, jumamosi inaoshwa kwa maji ya kisima ambayo ukiyanywa unajua kabisa hii ni chumvi. Nyeusi sasa. Nilivyokuwa nainunua niliona inapendeza kweli, hakuna aliyeniambia nyeusi haifichi kitu.

Baada ya miaka miwili boneti ilikuwa na madoa meupe ya duara duara kama mtu kamwagia maziwa yakakaukia, kuna alama moja ya kinyesi cha kunguru imechimba ina umbo la Madagaska kabisa, na paa limeanza kufifia halafu linabanduka maganda madogo kama mgongo wa mtoto alieshinda Coco Beach bila shati. Fundi wangu wa mtaani alikuwa ananipiga "polishi" ya elfu kumi na tano, inang'aa hatari, baada ya wiki moja madoa yamerudi yote. Nikaja kuelewa baadae kwamba alikuwa hayatoi, anayapaka mafuta juu tu yasionekane.

Ndo nikaelekezwa kwa hawa wa Sinza. Jina siweki hapa, sijalipwa kutangaza.

Kitu cha kwanza kilichonifanya niwaamini, hawakunitajia bei. Kijana akaleta kamashine kadogo kama kipima sukari, anakagusisha kwenye bati kanasoma unene wa rangi kwa maikroni (maikroni elfu moja ndo milimita moja). Boneti 108, mlango wa dereva 115, paa 90 na kitu, anaenda anaandika kwa chaki kwenye kioo. Kufika mlango wa nyuma kushoto kakasoma 290. Akarudia, 284. Akaniangalia, "Kaka, huu mlango ushawahi kupigwa rangi." Nikamwambia haiwezekani, alieniuzia kaniapia kwa mama yake gari haijaguswa tangu Japani. Hakubishana, akainama akanionyesha kwenye mpira wa mlango mstari mwembamba wa rangi iliyorukia. Mh. Miaka miwili nazunguka na uongo wa mtu ubavuni.

Akanieleza kwa nini anapima. Ile kliya, yaani varnishi ya juu inayolinda rangi, gari ikitoka kiwandani inakuwa maikroni 40 mpaka 50 hivi, unywele wa mtu wa kawaida ni kama 70, kwa hiyo ngao yote ya gari yako ni nyembamba kuliko unywele. Kila ukipiga kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi kwa mashine, unaikwangua kidogo. Sasa mtu anaekupigia mashine kila baada ya miezi mitatu bila kupima, hakusaidii, anakula akiba yako. Hapo nilinyamaza kabisa.

Kazi yenyewe. Waliosha kwanza kwa shampoo ya gari, ndoo mbili, moja ya sabuni moja ya kusuuzia kitambaa, wakaniambia ile sabuni ya unga ya kufulia niliyokuwa natumia nyumbani inachuna waksi yote, ni sawa na kumuosha mtu uso kwa jiki. Halafu kijana akavaa mfuko wa nailoni mkononi akanishika mkono na mimi nivae, "pitisha hapa taratibu". Boneti ambayo kwa macho ilikuwa safi, kwa mfuko ni msasa mtupu, chenga chenga kila mahali. Wakapuliza dawa fulani ya kuyeyusha chembe za chuma (vumbi la breki hilo, linaruka linajichoma kwenye rangi linashika kutu), baada ya dakika mbili gari inachuruzika rangi ya zambarau na harufu ya mayai viza, nusu nikimbie. Kisha wakapitisha ule udongo wa kusafishia rangi, mlaini kama ubani uliotafunwa, na maji ya sabuni mengi. Nikavaa mfuko tena, safari hii mkono unateleza kama kwenye kioo. Hapo bado hawajagusa polishi!

Madoa meupe ni ya kisima changu. Maji yana chokaa na chumvi, ukiosha saa saba mchana jua linakausha tone kabla hujalifuta, maji yanaondoka chokaa inabaki, na ikikaa inachimba. Walipangusa na siki iliyochanganywa na maji, mengi yakatoka palepale, mengine yalikuwa yameshaingia ndani yakasubiri mashine. Kwa hiyo nusu ya uharibifu nilioutembeza mjini nilikuwa naufanya mwenyewe kila jumamosi, na kitambaa changu na redio pembeni.

Madagaska ndo ilichukua muda. Kinyesi cha ndege kina asidi, lakini jua ndo linalomalizia kazi, bati linapata moto kliya inatanuka na kulainika, uchafu unakauka juu yake mgumu, jioni kliya inapoa inasinyaa kufuata lile umbo. Na kwa Dar hawa kunguru wa shingo ya kijivu hawaishi, walifikishwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 eti wasaidie kula taka, leo taka zipo na wao wapo. Mimi nikikuta kinyesi nilikuwa nakwangua na tishu kavu. Fundi mkubwa pale, mzee mmoja mpole, alicheka mpaka akavua miwani, "Mwanangu, hapo umepiga msasa mwenyewe." Akachukua msasa wa maji namba 3000, akausugua ule mchoro kwa kidole taratibu sana, anafuta, anapima, anasugua. Halafu akaacha. Nikamwambia mzee bado naona kivuli chake, akajibu, "Nikiendelea naikuta rangi, ukitaka nitaendelea ila ujue." Nikamwambia aache. Mpaka leo jua la saa kumi likipiga ubavu unakiona, kama hujaambiwa hukioni.

Na paa walikataa. Nilitaka wapige kote, nina hela mkononi, wakagoma. Kliya ikishaanza kubanduka imekufa, hakuna polishi wala waksi ya kuirudisha, mashine ikipita pale inaongeza kubandua tu. Dawa yake ni msasa paa zima, rangi upya, kliya yenye hadina (dawa ya kuigandisha), na wao hawapigi rangi. Wakanionyesha kile kibati cha kwenye injini, Toyota nyingi kimeandikwa C/TR, namba ya rangi iliyopo pale ndo umpe fundi rangi asije akakuchanganyia nyeusi ya kukisia. Nilitoka nimelipa laki na themanini badala ya laki mbili na nusu niliyokuwa nimejiandaa. Ni mara ngapi Dar fundi kakwambia hapa usinilipe?

Sasa lawama, maana zipo. Waliniambia siku moja zikawa mbili, na siku ya pili simu yao haipokelewi mpaka saa nane, nimepanda bodaboda kwenda kujua kama gari ipo. Unga mweupe wa kompaundi waliuacha kwenye mipira ya vioo na kwenye herufi za nyuma, kwenye gari nyeusi unaonekana kama chaki, nimeutoa mwenyewe na mswaki. Na yule dada wa kaunta alinikaba koo na seramiki, ile dawa inayopakwa juu ya rangi ikagande kuilinda, laki sita na nusu, "miaka mitatu huna wasiwasi". Nikamuuliza kunguru akifanya yake nikamuacha kutwa nzima juani seramiki inazuia? Akamwangalia mzee. Mzee akasema ukweli, inasaidia uchafu usishike na maji yateleze, ila kinyesi ukikiacha kinachimba tu, na kokoto la barabarani halijui seramiki. Kwa gari mpya ya mtu mwenye gereji ya kulaza gari naelewa. Kwa IST inayolala nje Kigamboni, hapana, nilichukua waksi ya kawaida.

Hiyo waksi imekaa miezi miwili hivi. Mwanzoni maji yalikuwa yanajikusanya vidonge vidonge yanakimbia, mwezi wa tatu yanatandaa tu kama kwenye sahani iliyooshwa ikatakata, nimepaka nyingine mwenyewe jumapili moja asubuhi kivulini, saa moja na nusu kazi imeisha.

Nilichobadilisha: naosha kabla jua halijapanda, suuza ya mwisho ni ndoo moja ya maji ya mvua au ya bomba la dawasa yakitoka, nafuta palepale. Kwenye buti kuna chupa ya kupulizia yenye maji na tone la shampoo na kitambaa cha maikrofaiba, nikikuta mzigo wa kunguru nalowesha, natandika kitambaa juu dakika mbili tatu, kisha nanyanyua, sisugui. Kava nilinunua nikaliacha, upepo wa kwetu unalipigapiga juu ya vumbi, ukilivua asubuhi gari ina mikwaruzo ya kwake yenyewe.

Kwa ujumla nawapa nane kwa kumi, mbili nimekata ya simu na ule unga mweupe. Paa bado, naunga unga hela, na kama kuna mtu anamjua fundi rangi wa ukweli maeneo ya Temeke au Kigamboni atie neno hapa chini. Anaetaka namba ya hawa wa Sinza aje PM, ila usiende jumamosi, utakaa.