Kinga za miguu ya farasi malishoni: ipi ya kununua kwanza

Kabla hujatoa hela, mkague farasi wako miguu anaporudi kutoka malishoni. Ukikuta manyoya yamenyonyoka au kuna mikwaruzo upande wa ndani wa kifundo, anajigonga mguu kwa mguu. Ukikuta jeraha kwenye nyama laini ya kisigino cha mbele, au kiatu cha chuma cha mbele kimeng'oka, ujue kwato ya nyuma inaukanyaga mguu wa mbele kabla haujanyanyuka. Ni matatizo mawili tofauti, na kila moja lina kinga yake. Farasi mtulivu, asiye na viatu vya chuma wala alama yoyote miguuni, hahitaji kitu. Mwache atembee miguu mitupu.

Namba moja naipa kinga ya kwato, ile ya mpira yenye umbo la kengele. Inazuia jeraha la kisigino na kung'olewa kwa kiatu, haizifuniki kano hata kidogo, hainywi maji, na ukiimwagia maji matope yanaondoka. Kipimo chake ndicho kinachowashinda wengi. Nyuma lazima ifunike kisigino chote na kukaribia kugusa ardhi. Ikizidi hapo, farasi ataikanyaga na kujikwaa. Juu, kidole kipite bila shida kati ya mpira na ngozi. Aina ya kuvuta juu ya kwato haivuki ovyo, ila kuivisha ni kazi: iloweke kwanza kwenye maji ya moto ilainike, kisha igeuze nje ndani. Aina ya velkro ni rahisi kuvisha na kuvua, lakini matope yakijaa kwenye velkro haishiki tena, kwa hiyo tafuta yenye velkro pana inayofungwa mara mbili. Ikiwa inazunguka na kumchubua, nunua yenye kinundu cha ndani kinachokaa kwenye bonde la kisigino.

Ya pili ni kinga ya muundi yenye gamba gumu la plastiki, matundu ya hewa na bitana nyepesi. Hii ni ya farasi anayejigonga. Chini ya goti mguu wa farasi hauna msuli. Ni mfupa, kano na ngozi tu. Kano zenyewe hupata joto anapokimbia, na ukizifunika kwa kitu kisichopitisha hewa, joto hilo linabaki mle mle. Ndiyo maana hewa naitanguliza kuliko unene. Gamba liwe nene upande wa ndani, kwenye kifundo, na mikanda ifungiwe nje, ncha zikitazama nyuma. Ukiinunua, itumbukize kwenye ndoo ya maji, itoe, ikung'ute. Ikibaki nzito, irudishe.

Ya tatu ni ya neoprini tupu, yaani mpira laini kama sponji. Inakumbatia mguu vizuri na inapunguza makali ya kipigo, lakini inatunza joto. Kwa saa chache za baridi na ukavu inafaa.

Yenye manyoya ya kondoo naiweka mwisho, ingawa ni laini kuliko zote. Malishoni inaokota mbegu za majani, inanyonya maji na kukauka polepole. Mnunulie farasi mwenye ngozi inayochubuka upesi, na malisho yawe makavu.

Bendeji usimwachie farasi malishoni kabisa. Ikilegea inamnasa miguu, na ikijikunja inabana kano sehemu moja. Kinga za kuruka viunzi, zilizo wazi mbele, nazo ziache kwa kazi yake.

Saizi za watengenezaji hazilingani, kwa hiyo pima mzingo wa muundi katikati, na urefu kutoka chini ya goti hadi kifundoni. Goti lijikunje bila kuguswa.

Mvishe juu ya mguu mkavu na safi, maana chembe za mchanga chini ya kinga husugua ngozi kama msasa, na unyevu uliofungiwa huleta ugonjwa wa ngozi. Vua kila siku. Mara ya kwanza mtembeze kwa kamba kwanza, kwani farasi wengi hurusha miguu juu wakihisi kitu kigeni, hasa ya nyuma. Kisha vua upapase: ukikuta mstari wa manyoya yaliyolazwa, joto au jasho, badilisha saizi kabla hujamfungulia.