Niliomba orodha ya visima, nikaulizwa nimetumwa na nani

Nilichotaka ni kitu kidogo tu: miradi ya maji ya wadi yetu, mkandarasi ni nani, amelipwa pesa ngapi. Hii ni Kenya, ambako Rais Kibaki alizindua tovuti ya data huria, yaani takwimu za serikali zilizo wazi kwa kila mtu, mwaka 2011 kwa mbwembwe zote. Kwenye tovuti ya kaunti yetu, ukibonyeza "Miradi" unarudishwa palepale ulipokuwa. Basi nikaandika barua.

Karani alisoma mstari wa kwanza, akanirudishia kwa ncha za vidole. "Mama, hapa tunapokea Kiingereza." Kisha, macho bado kwenye simu: "Na unaitakia nini hiyo orodha? Umetumwa na nani?"

Haya, tuelewane. Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inasema waziwazi kwamba ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Sababu yangu haimhusu mtu. Kupeleka ombi ni bure, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Mtu anakula mshahara kwenye dawati lile na hajui hata kifungu kimoja! Nikamwambia agonge muhuri kwenye nakala yangu. Aliugonga kama anayeua mende.

Siku 21 zikaisha, kimya. Nilikuwa nishaanza kuandika malalamiko kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ndipo barua pepe ikaingia: kurasa zilizopigwa skani, zimelala ubavu, tarakimu hainakiliki hata moja. Nimezichapa upya kwenye Ekseli mstari kwa mstari, huku natukana.

Ningewapa sifuri, lakini nashindwa. Kwenye orodha hiyo, kisima cha kwetu "kimekamilika", pampu na tangi vimeshalipwa. Tangi lenyewe hatujaliona. Nikautupa ukurasa ule kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, na barazani wazee wakaja nao umechapishwa, umekunjwa mfukoni. Mwakilishi wadi alijibu tangi "liko njiani". Mwaka mzima hakuwahi kusema hata hilo.

Kwa hiyo huduma naipa nyota moja, na hiyo ni ya muhuri. Sheria naipa nne. Aa, tano, maana bila hiyo nisingepata hata zile picha za ubavu. Ombeni, na muandike kwa Kiswahili makusudi. Wadi jirani pia zimo kwenye orodha. Anayeitaka aseme nimtumie, na ni Ekseli, si picha.