Ziara ya majirani kwenye dampo la taka za mionzi: nyota tatu kati ya tano

Nilikwenda nimenuna, maana uzio wao unapakana na shamba langu. Mhandisi aliyetupokea hakutuhubiria. Alinikabidhi kipima mionzi. Kikaanza kulia tik, tik kabla hatujayafikia mapipa. Mionzi ya asili hiyo, akasema, ya mawe na ya angani. Hapo nikamsikiliza: seziamu-137, dutu yenye mionzi iliyo kwenye taka kama hizi, hupungua nusu kila miaka 30 hivi, kwa hiyo baada ya miaka 300 hubaki takriban sehemu moja kwa elfu. Safi.

Ila majibu ya maji ya visima vya uchunguzi wameyabandika kwa herufi ndogo kama sisimizi, bila ufafanuzi. Nikauliza nani aliamua malori yapite kwetu. Nikapewa kalamu ya zawadi. Haiandiki.