Mgogoro wa mpaka wa shamba: Baraza la Kata au la Wilaya?

Jirani kasogeza uzio hadi ndani ya shamba lako la zabibu kule Hombolo, Dodoma. Uende wapi?

Zamani Baraza la Kata lingesikiliza shauri na kuamua, mradi thamani ya ardhi isizidi shilingi milioni 3. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka hayo. Sasa linasuluhisha tu. Wajumbe wanaweza kufika shambani, kuhesabu hatua toka mti hadi mti, kuwasihi mpatane. Kumlazimisha jirani ang'oe hata nguzo moja, hapana. Akigoma, wamefika mwisho.

Lenye meno ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya: mwenyekiti na wazee wa baraza wawili wanaomshauri, na uamuzi wake hukazwa kisheria, yaani jirani hulazimishwa kuutii. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Ila huanzii wilayani. Sharti kata ithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila mwafaka.

Binafsi kata nisingeipuuza, kama wengi wanavyofanya. Wanaoujua ule mpaka tangu enzi za babu wako pale pale. Wilayani itabidi uwasafirishe kama mashahidi, nauli juu yako.