Ufuo wa Dunga, Kisumu: tathmini kwa mwandishi wa hadithi

Mwandishi anayekuja Kisumu kutafuta hadithi huelekezwa Dunga, ila kwa saa mbaya. Huambiwa aje jioni, ale samaki, atazame jua likitua Ziwa Victoria. Jua hilo linapendeza kweli, lakini halina haja na mtu. Hadithi huanza pale mmoja anapotaka kitu na mwingine amekishikilia, na Dunga hilo hutokea asubuhi, penye mizani ya samaki.

Ufuo uko kilomita chache kutoka mjini. Boda boda au tuktuk hukufikisha upesi. Uwe umefika saa kumi na mbili, mashua za usiku zikirudi. Kaa mahali unapoona mashua na mizani kwa pamoja. Tazama mikono kabla ya nyuso: mkono wa mvuvi unaosita kumwachia mbuta, yaani sangara, kwenye ndoano ya mizani, mkono wa mama anayefunua matamvua kuona kama wekundu ungalipo, vidole vinavyohesabu noti ndani ya fundo la leso bila kuzitoa. Hapo una watu wawili, bei mbili, na kitu kitakachooza jua likipanda. Huna haja ya kubuni muda wa kumkimbiza mhusika. Samaki mwenyewe ndiye saa.

Kwa anayejenga riwaya, omena, yaani dagaa wa ziwa hili, ndio hazina kubwa zaidi. Huvuliwa usiku kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mwezi mpevu: omena hawakusanyiki, na siku hizo mifuko hupwaya. Tena sheria hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai. Mpe mhusika deni la karo linalodaiwa wiki ya mbalamwezi, na sura nzima itajisukuma yenyewe. Upepo nao ukiingiza magugu maji ghubani, mashua iliyotoka salama hukuta njia ya kurudi imezibwa. Na kwa kuwa mbuta aliletwa ziwa hili katika miaka ya 1950, akala samaki wengi wa asili, babu na mjukuu wanaweza kukaa mashua moja wakazungumzia maziwa mawili tofauti.

Safari ya mashua ya wageni ni ya wastani. Utaona mafunjo, ndege, pengine kiboko. Patana bei ya mashua nzima na muda wake kabla ya kupanda, vaa jaketi la kuokolea, kisha mwombe nahodha azime injini kwa dakika kumi penye usalama. Injini ikinguruma husikii mafunjo yakikwaruza ubavu wa mashua, wala nahodha hazungumzi, ilhali mazungumzo yake yana thamani kuliko kiboko.

Mikahawani unachagua samaki mbichi ndipo akaangwe, na kungoja nusu saa au zaidi ni kawaida. Wengi hulalamika, mwandishi ashukuru, kwani huo ndio wakati wa kuandika. Daftari likifunguliwa penye mizani watu hunyamaza, au huanza kuigiza wakidhani umetumwa na serikali au shirika. Simu iliyoinuliwa ni mbaya zaidi. Jitambulishe kwanza kwa kamati ya ufuo, nunua kitu, weka daftari mfukoni. Ukishakaa mezani, andika mambo matatu kwa kila mtu: sentensi moja aliyosema, neno kwa neno, kitu alichokuwa ameshika, na swali alilolikwepa. Watu watano wanatosha kwa asubuhi moja. Maneno ya Kijaluo yaandike ulivyoyasikia, kisha umwombe mzungumzaji akusahihishie tahajia.

Kosa linalotuuma zaidi ni la mwandishi anayekaa asubuhi moja, akasikia neno jaboya, yaani samaki kubadilishwa kwa ngono, akaondoka na kila mama muuza samaki akiwa mhanga kwenye hadithi yake. Jambo hilo lipo na ni zito. Lakini mama huyohuyo anajua bei ya mbuta, nani hulipa kwa wakati, na mashua ipi inavuja. Usipoandika ujuzi huo, hujamwandika yeye. Wala usimhamishe mtu mzima mzima hadi kwenye kurasa: badilisha umri, kazi na kosa lake, kwani ufuoni watu hutambuana kwa jambo dogo sana.

Epuka Jumapili na sikukuu, muziki na wageni wakiwa wengi. Jumapili nenda soko la Kibuye, upande wa mitumba, ukapekue mifuko ya makoti kutafuta hadithi.

Dunga tenga asubuhi tatu mfululizo. Ya kwanza utaonekana mgeni, ya pili mteja. Ya tatu huenda mtu akakukabidhi beseni umshikie huku akibishana bei. Lishike, na usiingilie mabishano.