Cheo cha chini leo, au usubiri kinachokufaa?

Mhitimu mwenye CPA(T), cheti cha juu cha uhasibu cha bodi ya wahasibu, NBAA, ameitwa na kampuni ya Dar es Salaam. Aliomba uhasibu, akapewa uhasibu msaidizi, na mshahara uko chini ya alioutaja kwenye usaili. Achukue au asubiri?

Akichukua, kwanza atazame kazi yenyewe. Nafasi ya msaidizi inayompa usuluhishi wa hesabu za benki (kulinganisha vitabu vya kampuni na taarifa ya benki), ritani za VAT, kodi ya ongezeko la thamani, za kila tarehe 20 na maandalizi ya mkaguzi itamkomaza haraka. Ile ya kubandika risiti na kupeleka hundi benki itamla miaka bure. Kwa hiyo aombe majukumu kwa maandishi kabla ya kusaini, na tarehe ya kupitia upya cheo iandikwe kwenye mkataba. Ile ahadi ya mdomo, "tutakuangalia baadaye", mimi siihesabu kabisa. Faida nyingine ni likizo ya siku 28 kwa mwaka na mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wa asilimia 20 ya mshahara, ambao mwajiri haruhusiwi kumkata zaidi ya nusu ya mchango huo.

Akisubiri, anabaki huru kuhudhuria usaili wa Sekretarieti ya Ajira, inayoajiri kwa niaba ya serikali, na anaweza kufunga hesabu za wafanyabiashara wadogo. Lakini mwenye nyumba anataka kodi yake.

Mwenye akiba na usaili mwingine mkononi, ningemwambia asubiri. Anayesomesha wadogo zake achukue, mradi ritani na mkaguzi vimo kwenye majukumu yake.